MBWA AKIFA KWA SINDANO, NANI ANAHESABU?

KILA siku katika jiji hili la Dar es Salaam mbwa anachomwa sindano, paka anasukumiwa kidonge kooni, na mwenye mnyama anaambiwa maneno mawili tu: "Atapona, bosi." Akipona, sifa zinakwenda kwa dawa. Akifa, lawama zinakwenda kwa mbwa. Eti alikuwa dhaifu. Eti alikula sumu ya panya kwa jirani. Eti siku zake zilifika. Anatiwa kwenye kiroba, anafukiwa nyuma ya banda, na kesho yake chupa ileile iliyobaki nusu inahamia kwa mbwa wa nyumba ya pili.

Nauliza: katika mlolongo huo wote, nani ameandika kitu? Muuza dawa hakuandika. Aliyechoma sindano hakuandika. Mwenye mbwa hakuandika kwa sababu hajui hata kama kuna mahali pa kuandika. Na serikali, ambayo ndiyo iliyoipa dawa hiyo kibali cha kuingia nchini, itajuaje kwamba imeua kama hakuna aliyeiambia? Dawa inabaki na jina safi kama mgombea aliyepita bila kupingwa.

Najua kuna msomaji ameshaanza kucheka. Watu wanakosa dawa hospitalini, huyu anatuletea habari za mbwa! Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mbwa ni anasa kwa nani? Labda kwa kigogo wa Masaki. Kijana wa Mbagala au Gongo la Mboto aliyedunduliza akanunua kijibwa cha German Shepherd ili amlee, azalishe na auze watoto, mbwa yule ni mtaji wake. Fundi mwenye gereji ya uchochoroni, mbwa ndiye mlinzi wake asiyedai mshahara. Na yule kijana anayelipwa ujira wa kuogesha mbwa wa wakubwa kwa dawa ya kupe, mikono mitupu, bila glavu, dawa ile inapita kwenye ngozi yake yeye pia. Mlalahoi ndiye anayeshika chupa. Sasa nani kasema hizi ni habari za mbwa tu?

Tuanze na ukweli ambao wauzaji hawapendi kuutaja kwa sauti. Dawa haimalizi kupimwa siku inaposajiliwa. Kabla ya kuruhusiwa hujaribiwa kwa wanyama wachache, aghalabu mamia, waliochaguliwa na wanaoangaliwa na wataalamu kila siku. Chukua penseli tupige hesabu. Tuseme dawa inamuua mbwa 1 katika kila mbwa 10,000. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumwona angalau mmoja anayekufa, inabidi uijaribu kwa mbwa wapatao 30,000. Hakuna kampuni inayofanya hivyo. Basi hao 30,000 wanapatikana wapi? Wanapatikana mtaani, kwako na kwangu, baada ya dawa kuingia dukani. Jaribio kubwa linafanyika kwenye mabanda yetu, na matokeo yake yasipoandikwa tunakuwa tumecheza kamari bila hata kujua nani alishinda.

Wenzetu waliolitambua hilo waliweka ofisi ya kupokea taarifa. Lakini msidhani kwamba kuweka ofisi kunatosha. Sikilizeni kisa cha Marekani, kwa sababu kina mafunzo kwa kila mtu anayejua maana ya kulindana.

Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, iliruhusu sindano ya mbwa iitwayo ProHeart 6. Ndani yake mlikuwa na dawa iitwayo moksidektini, na kazi yake ilikuwa kumkinga mbwa na minyoo ya moyo, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Raha yake ilikuwa hii: badala ya kumpa mbwa kidonge kila mwezi, unamchoma mara moja, umemaliza miezi sita. Mtengenezaji alikuwa Fort Dodge, tawi la kampuni kubwa ya Wyeth. Biashara ikachanganya.

Angalia lakini ubaya wa raha hiyo. Kidonge cha mwezi kikimkataa mbwa, unaacha kumpa kingine. Sindano ya miezi sita ikimkataa, ndiyo imeshaingia. Huwezi kuivuta tena.

Taarifa zikaanza kumiminika. Mbwa kuvimba uso, kutapika, kupata degedege, kuishiwa damu, kushindwa ini, kufa. Maelezo ya kwenye dawa yakabadilishwa zaidi ya mara moja ili kuongeza tahadhari. Taarifa hazikukoma. Kufikia Septemba 2004 FDA ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 5,000, zikiwemo za mamia ya vifo, na ikaitaka kampuni iirudishe dawa kutoka sokoni. Kampuni ikakubali kuiondoa, huku ikishikilia kwamba dawa yake ni salama.

Sasa hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Ndani ya FDA kulikuwa na daktari wa mifugo, Dk. Victoria Hampshire, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma taarifa hizo moja moja, kuzipanga, kuzipima na kusema zinaelekea wapi. Mama huyu hakutunga kitu. Alihesabu. Wakubwa wa kampuni wakachimba habari zake, wakapeleka kwa wakubwa wa FDA tuhuma kwamba ana maslahi binafsi katika biashara ya dawa za wanyama. Kilichofuata mnakijua nyie mnaosoma magazeti: mhesabuji akaondolewa kwenye shughuli ya dawa ile na yeye mwenyewe akageuzwa wa kuchunguzwa. Uchunguzi ukafanyika, kosa halikuonekana, hakushtakiwa kwa lolote. Seneta Charles Grassley wa jimbo la Iowa alilivalia njuga suala hilo, akitaka FDA ieleze ilikuwaje mtumishi aliyefanya kazi yake akafanywa mtuhumiwa na kampuni aliyokuwa akiisimamia.

Kwa hiyo kijana usidanganyike kwamba Ulaya na Marekani mambo hujiendea yenyewe kwa sababu watu ni wastaarabu. Hata huko namba ikiwa chungu, anayeishika anatafutiwa sababu. Tofauti ni moja. Zile taarifa 5,000 zilikuwepo kwenye karatasi. Walimwondoa mtu, hawakuweza kuziondoa karatasi.

Na msinielewe vibaya, maana kuna wenye tabia ya kusoma mstari mmoja na kukimbia nao. Sisemi kila dawa ni sumu na kila kampuni ni mwizi. ProHeart 6 yenyewe ilirudi sokoni mwaka 2008, ikiwa na masharti: daktari apate mafunzo kwanza, mwenye mbwa aelezwe hatari kwa maandishi kabla ya sindano. Mwaka 2019 ikaruhusiwa hata ile ya miezi kumi na miwili. Minyoo ya moyo nayo inaua, tena kifo kibaya. Dai langu ni kwamba mwenye mbwa ana haki ya kuijua hatari kabla ya kulipa, na hataijua kama waliotangulia walikaa kimya.

Tena tuseme na upande wa pili wa hesabu, kwa sababu namba nayo ina ujanja wake. Mwaka 2021 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba kola ya viroboto na kupe iitwayo Seresto ilikuwa imeripotiwa katika matukio zaidi ya 75,000 tangu mwaka 2012, yakiwemo ya vifo vya wanyama karibu 1,700. Watu wakapiga kelele, Bunge likaita kikao mwaka 2022. Kampuni ikajibu kwamba kola zilizouzwa ni mamilioni mengi, na mbwa na paka hufa kwa mambo elfu moja. Mwaka 2023 mamlaka ya mazingira ya huko ikaiacha kola iendelee kuuzwa, lakini kwa kibali cha miaka mitano tu na maonyo zaidi juu ya boksi. Canada wao walikwisha ikataa kola hiyohiyo mwaka 2016. Nani alikuwa sahihi? Unaweza kubishana kijiweni mpaka usiku. Lakini unabishana ukiwa na namba mkononi. Hapa kwetu tutabishana na nini?

Taarifa moja si ushahidi wa kumfunga mtu. Ni shaka iliyoandikwa. Shaka moja haina uzito, shaka mia zinazofanana kutoka Tanga, Mwanza na Mbeya, zote za toleo moja la dawa moja, hizo zinatosha kumwamsha mkubwa usingizini. Ndiyo maana makampuni huliogopa neno kuliko dawa yenyewe. Mwaka 1997 Pfizer waliingiza sokoni dawa ya maumivu ya viungo vya mbwa, Rimadyl, wakaitangaza mpaka kwenye televisheni. Taarifa za madhara zilipozidi, FDA ikataka neno "kifo" litajwe kwenye tangazo. Kampuni ikaona heri kuliondoa tangazo. Neno lenyewe likaingia kwenye maelezo ya dawa, na dawa inasaidia mbwa wengi mpaka leo, lakini sasa daktari anajua ini la mbwa linapaswa kuangaliwa.

Vivyo hivyo mwezi Desemba 2024, FDA hiyohiyo iliwaandikia madaktari wa mifugo barua ya wazi kuhusu Librela, sindano nyingine ya maumivu ya viungo iliyoruhusiwa huko mwaka 2023. Baada ya kupitia taarifa zilizoletwa, waliona mbwa walioyumba, waliopata degedege, waliolegea miguu, waliokunywa maji na kukojoa kupita kiasi, na wengine waliokufa. Haikupigwa marufuku. Daktari aliambiwa aangalie nini na amweleze nini mwenye mbwa. Mwaka mmoja na nusu tu tangu dawa iruhusiwe, ukweli ukawa umefika kwa mtumiaji.

Kwa wale waliobaki na msimamo wa "mbwa tu", nendeni India. Kule walikuwa wanawatibu ng'ombe kwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hata wewe umeimeza ukiumia mpirani. Ng'ombe walipata nafuu, hakuna aliyelalamika. Lakini ng'ombe alipokufa na dawa ikiwa bado mwilini, tai waliokula mzoga walikufa kwa figo kushindwa. Tai wakapotea kwa zaidi ya asilimia 95, na kwa miaka mingi watu walidhani ni ugonjwa, mpaka mwaka 2004 watafiti walipoonyesha kwamba muuaji ni dawa. India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Wachumi wawili walipokokotoa, katika makala iliyotoka mwaka 2024, walikadiria kwamba kupotea kwa tai hao, mizoga ikaoza ovyo, maji yakachafuka, mbwa wa mitaani wakaongezeka na kichaa chao, kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Watu! Haya, cheka sasa.

Turudi nyumbani, maana kwetu mara nyingi kosa halianzii kiwandani. Linaanzia dukani.

Chukua aivemektini, dawa ambayo kila anayefuga mbwa mjini ameshaiona. Ni dawa nzuri, sitaki ubishi. Waliohusika kuivumbua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na imewaokoa watu wetu wa Mahenge na Tukuyu na upofu wa usubi. Lakini ile chupa ya asilimia 1 inayouzwa dukani ni ya ng'ombe. Kila mililita ina miligramu 10, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Kijana anakuja na bomba la sindano, anamkuta kijibwa cha kilo 5 chenye upele, anamdunga mililita nzima "ili ikolee". Kijibwa kimekula mara kumi ya kipimo cha ng'ombe kwa kila kilo ya mwili wake. Baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, kinayumba, mate yanatoka, mboni zimepanuka, hakioni, kinatetemeka. Mwenye mbwa anasema amerogwa.

Tena kuna mbwa wasiohitaji hata kuzidishiwa. Mwaka 2001 Dk. Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington State walieleza kwa nini mbwa wa aina ya Collie hufa kwa kipimo ambacho mbwa wengine hawakisikii. Wana kasoro ya kurithi kwenye jeni iitwayo MDR1. Jeni hiyo ndiyo inayoweka mlinzi getini kwenye ubongo, wa kuisukuma dawa nje. Mlinzi hayupo, dawa inaingia ndani na kukaa. Mbwa wa namna hiyo anaweza kudhurika kwa nusu ya kipimo cha ng'ombe. Kasoro hiyo imeonekana pia kwa baadhi ya German Shepherd, na German Shepherd ndiye anayetafutwa kuliko wote hapa mjini, safi na chotara. Muuza dawa alikuuliza mbwa wako ni wa kabila gani? Hakukuuliza. Aliuliza una shilingi ngapi.

Paka naye ana msiba wake. Mtu mwenye huruma anaona paka ana homa, anamgawia paracetamol aliyobakiza mwenyewe. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya tope, uso na miguu vinavimba. Ni hivyohivyo kwa dawa za viroboto za matone, zile za mbwa zenye permethrini nyingi: mbwa zinamfaa, paka zinamtetemesha mpaka kufa, na wakati mwingine inatosha paka alale kifuani kwa mbwa aliyepakwa punde. Nani amemwambia mnunuzi? Maandishi yapo kwenye boksi, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa.

Na kuna dawa ya kuogesha, amitrazi, inayokusudiwa ng'ombe na josho lake. Ikikolezwa ovyo kwa mbwa inampunguzia mapigo ya moyo, inampandisha sukari, inamlaza kama mlevi. Kwa binadamu nayo ni hatari, hasa akiimeza au ikimlowesha ngozi. Yule kijana muogeshaji anarudi nyumbani kichwa kinazunguka, anadhani ni jua.

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi hudhani kuripoti ni kujipeleka polisi. Katika utaratibu wa kimataifa wanaoufuata wasimamizi wa dawa za wanyama, tukio linalostahili kuripotiwa ni lolote baya lisilotarajiwa linalotokea baada ya mnyama kutumia dawa, hata kama huna hakika kwamba ni dawa, na hata kama dawa ilitumiwa kinyume na maelezo yake. Ulizidisha kipimo? Ripoti. Ulimpa mbwa dawa ya ng'ombe? Ripoti. Dawa haikufanya kazi kabisa? Hiyo pia ni taarifa, tena kubwa, kwa sababu ndiyo njia ya kuigundua dawa feki, au chanjo iliyopaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na ikalala kwenye friji lisilo na umeme. Umechanjwa mtaji wako, umelipa, mbwa wamekufa kwa parvo vilevile, unanyamaza? Na binadamu aliyedhurika wakati wa kumtibu mnyama naye anaingia humohumo.

Kitu cha kwanza ni chupa. USITUPE CHUPA. Bila namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, taarifa yako ni hadithi ya kijiweni. Piga picha ya maandishi yote, pamoja na risiti kama walikupa, na kama hawakukupa andika jina la duka. Andika uzito wa mbwa, umri wake, jinsia na kabila. Andika alipewa kiasi gani, kwa njia gani, saa ngapi, na dalili ya kwanza ilionekana saa ngapi, kwa sababu muda kati ya hayo mawili ndio unaosema mengi kuliko yote. Andika dawa nyingine alizokuwa anapewa, hata mitishamba ya bibi. Andika nini kilitokea dawa iliposimamishwa. Usimrudishie dawa ileile ili uone kama atadhurika tena. Wapo wanaofanya hivyo wakijiita watafiti. Dalili ikiwa mbaya nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwanza, karatasi zitasubiri.

Kuna jambo moja la kutofanyia mchezo. Mbwa anayetoka mate, anayeyumba na kubadilika tabia anaweza kuwa amekataliwa na dawa, na anaweza kuwa na kichaa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Usimshike kinywani, usimkumbatie, watoto wasogee mbali. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo. Akifa mbwa wa namna hiyo usimpasue mwenyewe, mwite mtaalamu. Maabara ya kuchunguza mzoga tunayo hapahapa mjini, Temeke Veterinari, kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo wengi tunaijua kama kituo cha daladala tu.

Na taarifa inakwenda wapi? Kwa sheria ya nchi hii, mwenye dhamana ya dawa za binadamu NA za mifugo ni TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 iliitwa TFDA. Wao ndio wanaosajili, ndio wanaoruhusu kuingiza, ndio wenye uwezo wa kuiondoa dawa sokoni. Mwambie daktari wako aiandike nawe uone ameituma, au peleka mwenyewe TMDA, na nakala kwa aliyekuuzia. Aliyekudunga ovyo akiwa si mtaalamu, au mtaalamu aliyefanya uzembe, hilo ni la Baraza la Veterinari, lililopo kwa sheria ya mwaka 2003. Usichanganye mafaili mawili: la dawa liende kwa wa dawa, la mtu liende kwa wa watu, vinginevyo kila ofisi itakusukumia kwa mwenzake mpaka uchoke.

Naujua woga uliopo. Daktari anaogopa ataonekana ndiye aliyeua. Muuza duka anaogopa kufungiwa. Mwenye mbwa anaogopa ataambiwa yeye ndiye mjinga. Wote watatu wananyamaza kwa pamoja, na anayefaidi ukimya huo si mmoja wao. Marekani sheria inamlazimisha mwenye kampuni kupeleka serikalini kila taarifa ya madhara inayomfikia, wakati daktari na mwenye mnyama wanaripoti kwa hiari bila kuulizwa kosa ni la nani. Anayeuza ndiye anayebanwa, kwa sababu ndiye aliyepata faida.

Basi TMDA tunawauliza mambo machache, tena kwa heshima, maana wapo watumishi pale wanaoijua kazi yao. Tangu mwaka 2019 mmepokea taarifa ngapi za madhara ya dawa kwa mbwa na paka? Ngapi zilitoka kwa wenye wanyama wenyewe na ngapi kwa makampuni? Kuna toleo lolote la dawa ya mifugo lililoondolewa sokoni kwa sababu ya taarifa hizo, na kama lipo, muuza duka wa Kariakoo aliambiwa kwa njia gani? Fomu ya Kiswahili, inayoweza kujazwa na kijana wa Mbagala mwenye chupa mkononi, ipo kwenye duka gani la dawa za mifugo? Kama jibu la swali la kwanza ni sifuri au karibu na sifuri, mtueleze kama ni kwa sababu mbwa wa Tanzania hawadhuriki na dawa, au ni kwa sababu hakuna aliyeombwa kuhesabu.

Ukurasa huu uko wazi. Majibu yakija tutayachapa kama yalivyo, na yasipokuja tutauliza tena toleo lijalo.